Mume Wangu Huenda Wapi Alhamisi

Ijumaa, 10 Januari

Barua imefika. Tumeitwa kwenye mahojiano ya uhamiaji Jumanne ya tarehe 8 Aprili, saa nne asubuhi, mimi na Malkhaz, na tubebe cheti cha ndoa na ushahidi wowote wa maisha ya pamoja. Malkhaz ameisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni, buti bado mguuni, theluji ikiyeyuka kwenye zulia langu. Kisha akanibusu utosini akasema, "Doreen, karibu tunamaliza."

Tunamaliza nini? Sikumuuliza.

Wakili wetu, Bi Halloran, anataka tuwe tunaandika mambo ya kila siku ili siku ya siku tusibabaike. Basi naanza na yaliyo hakika. Naitwa Doreen Pietrak, nina miaka hamsini na mmoja, naendesha basi la shule hapa Buffalo. Mume wangu ana arobaini na mitatu, kwao ni Kutaisi, nchi ya Georgia, na anaoka mikate dukani kwa Bi Wanda. Hapo ndipo tulipojuana, mimi upande huu wa kaunta na yeye upande ule, unga hadi kwenye nyusi. Tulifunga ndoa Juni iliyopita. Ana binti, Tekle, anayeishi na mama yake huko Kutaisi. Malkhaz anasema binti huyo hajaongea naye kwa miaka minne. Akipata kadi ya kijani, anabaki. Akikosa, huenda akarudishwa kwao.

Kabla yake nilikuwa na Gary, ambaye kwa miaka sita alikuwa na mwanamke mwingine kule Erie, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia pasi mashati ya kwendea huko. Hilo nalo ni hakika.

Jumanne, 14 Januari

Kwa wakili. Ametupa karatasi za maswali: nani anatoa takataka, mapazia ya chumbani yana rangi gani, mara ya mwisho mligombana kwa sababu gani.

"Msikariri," alisema Bi Halloran. "Watu waliooana kweli hupishana hapa na pale. Mkifanana kila jibu, ndipo ofisa anaposhtuka."

Jioni tukajaribu. Nikamuuliza Malkhaz unajua nini kunihusu. Hakuvuta hata pumzi.

"Unalala upande wa dirisha. Una kovu gotini, baiskeli, ulikuwa na miaka tisa. Kidonge cha presha unameza na kahawa, na daktari amekukataza. Ukikasirika unaosha vyombo visafi."

Yote kayaandika kwenye daftari lake, kwa zile herufi za kwao zilizojikunja kama nyuzi za sweta iliyofumuka. Siwezi kusoma hata moja. Gary alikaa nami miaka kumi na tisa na hakuwahi kuuliza habari ya kovu. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nikaenda jikoni, nikajikuta naosha vikombe visafi.

Ijumaa, 17 Januari

Theluji. Basi limegoma kuwaka mpaka saa moja.

Alhamisi, 23 Januari

Upepo wa ziwani umeleta theluji ya kufika magotini, shule zikafungwa. Nikapata wazo la kumpelekea Malkhaz supu, maana kila Alhamisi ana zamu ndefu. Siku nyingine anaanza saa tisa usiku na kutoka saa tano asubuhi. Alhamisi ananiambia anatoka saa nane mchana.

Nikafika dukani saa sita. Bi Wanda alikuwa peke yake, anapanga mikate myeusi rafuni.

"Malkhaz? Mbona katoka saa tano, mwanangu. Kama kawaida."

"Leo si Alhamisi?"

"Ndiyo Alhamisi. Saa tano." Akanitazama, halafu akaitazama supu. "Hiyo ni ya viazi?"

Nikamwachia supu.

Malkhaz karudi saa nane na robo, mashavu mekundu kwa baridi.

"Kazi ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Ndefu. Mikate ya kitunguu imeungua, Bi Wanda kapiga kelele."

Amenidanganya huku akivua soksi. Hakubadilika hata sauti. Bi Wanda hatasahau kumwambia kwamba nilifika, kwa hiyo kesho atajua kuwa najua. Tutaona.

Ijumaa, 24 Januari

Hakusema kitu. Labda Bi Wanda hajamwambia. Labda wanasaidiana.

Jumapili, 26 Januari

Chakula kwa dada yangu Janine. Amenipita miaka minne, ni karani mstaafu, na tangu mama afariki amejipa kazi ya kuwa mama. Malkhaz alikuwa amelala, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimejiapia kunyamaza. Nilifika kwenye kachumbari ya kabichi nikashindwa.

"Kila Alhamisi?" Janine aliuliza.

"Kila Alhamisi."

"Na wewe bado unamtafutia kadi?"

"Janine, ni mume wangu."

"Gary naye alikuwa nani, fundi bomba?"

Nikamwambia zaidi ya nilivyotaka. Nikamwambia jinsi anavyonijua kama somo la mtihani. Nikamwambia kwamba asubuhi nikimtazama akipiga mswaki, naona mtu anayesubiri basi: yuko hapo, ana adabu, hana haraka, lakini macho yake yako mwisho wa barabara. Mimi najua sura hiyo. Naiona kazini miaka ishirini na mbili.

Janine aliweka uma chini. "Hilo neno," alisema, "litakuja kukutoa machozi."

Alhamisi, 30 Januari

Saa nane na dakika ishirini. "Kazi ndefu."

Alhamisi, 6 Februari

Saa nane na dakika kumi. Amenyoa ndevu. Nani anayenyoa ndevu kwa ajili ya unga?

Alhamisi, 13 Februari

Nimemfuata.

Naandika haya ndani ya gari, kituo cha mabasi, kabla ya zamu ya mchana.

Saa tano kamili alitoka kwa mlango wa nyuma wa duka. Ndani ya gari lake alivua fulana ya kazi, akavaa shati la bluu nililompa Krismasi. Akaendesha hadi maktaba ya mtaa, ile ndogo karibu na kituo cha zimamoto. Nilimwachia dakika tano nikaingia. Kule nyuma kuna vyumba vidogo vya kusomea, vina kuta za kioo. Alikuwa kwenye cha mwisho. Nikajibanza nyuma ya vitabu vya kilimo cha bustani.

Simu alikuwa ameiegemeza kwenye mkoba. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke. Msichana, niseme; labda miaka ishirini na mitano, nywele ndefu nyeusi, rangi nyekundu mdomoni. Huko kwao ilikuwa saa mbili usiku na yeye kajipamba. Malkhaz alikuwa anacheka. Mimi nimeolewa na mtu huyu miezi minane na sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha tumbo, kichwa nyuma. Mwishoni aliweka kiganja chake chote juu ya kioo cha simu, na yule msichana akaweka chake.

Alikaa humo zaidi ya saa nzima. Nilisimama dakika kumi na tano tu, nikatoka nikamsubiri garini.

Usiku sasa. Mchana nimepitiliza kituo mara mbili.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Ameniletea mkate wa jibini, wa moto, umbo la mashua, yai katikati. Mzuri sana. Nimeula wote nikimwangalia.

Jumanne, 25 Februari

Tumefanya mazoezi ya maswali. "Nini kilikuvutia kwa mkeo?" nikamsomea.

"Alirudisha mkate," alisema. "Akasema, huu una chumvi nyingi, na aliyeuoka anajua. Nilikuwa najua."

Bi Halloran angefurahi. Jibu lina maisha ndani yake. Mimi nilikuwa nawaza: jibu hili umelifanyia mazoezi mara ngapi, na nani?

"Una nini siku hizi?" akauliza. "Unanitazama kama polisi."

"Nimechoka na baridi."

"Unaandika nini humo kila siku?"

"Mambo ya wakili."

Sasa na mimi nadanganya bila sauti kubadilika. Inafundishika kumbe.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia. Foleni hadi nje. Malkhaz amelala, anaamka saa nane usiku. Janine kanishikia kiti.

Nikamwambia habari ya maktaba. Nilitarajia apige meza. Hakupiga. Alimimina siki juu ya viazi vyake polepole, akasema, "Kula, samaki anapoa."

"Hutasema kitu?"

"Niseme nini? Wewe umeona kwa macho yako." Baadaye, tukikunja meza, akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Jina lake la ukoo linaandikwaje? Sijawahi kulipatia."

Nikamwandikia kwenye karatasi ya kufutia mikono, akaitia mfukoni.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepekua koti lake. Karanga, kitambaa, kadi ya maktaba. Nimejichukia. Halafu nikapekua na mfuko wa ndani.

Jumapili, 30 Machi

Theluji inayeyuka. Chini yake kuna kila kitu tulichokidondosha tangu Desemba: glavu, chupa, kikaratasi cha pipi. Malkhaz amepanga picha zetu kwenye albamu kwa ajili ya ofisa. Harusi, maporomoko ya maji, siku tuliyopaka rangi baraza. Nilimkuta amekaa na ile ya baraza muda mrefu. Ningekuwa mwanamke mwingine ningekaa karibu naye. Mimi nilisimama mlangoni nikipima kama alijua nipo.

Jumatatu, 7 Aprili

Kesho. Ningeweza kumuuliza leo. Nimepika, tumekula, nimeosha vyombo. Vilikuwa vichafu kweli.

Jumanne, 8 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulikaa ukumbini na Bi Halloran, Malkhaz amevaa lile shati la bluu. Saa nne na nusu ofisa akatuita: mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo, sauti ya upole. Tukaapa kusema kweli. Akaangalia albamu, akauliza majina ya wazazi na siku ya harusi. Yote yalikwenda. Kisha akafunga faili akasema angependa kuzungumza nasi mmoja mmoja, kuanzia na mke. Bi Halloran alinigusa mkono. Malkhaz akatoka, na mlango ukafungwa.

"Bi Pietrak," alisema ofisa, "mume wako huenda wapi siku za Alhamisi?"

Nililitazama lile faili.

"Kwa nini unauliza?"

"Tumepokea barua kuhusu ndoa hii. Haina jina." Akavaa miwani, akasoma mstari mmoja. "'Mwenyewe anasema kwamba asubuhi akimtazama mumewe akipiga mswaki, anaona mtu anayesubiri basi.'"

Kuna mtu mmoja tu duniani niliyemwambia maneno hayo. Nilimwona palepale, anamimina siki.

Bi Halloran alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyenijua. Ningeweza kusema ni uongo wa majirani. Ofisa hakuwa na jina la mtu. Lakini nilikuwa nimeapa, na zaidi ya hapo, nilikuwa nimechoka. Miezi mitatu ya kuchungulia inachosha kuliko theluji.

"Maneno ni yangu," nilisema. "Niliyasema mimi. Barua sikuandika mimi. Alhamisi anakwenda maktaba, ananiambia yuko kazini. Nilimfuata. Anaongea na msichana kwenye simu. Simjui."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Februari."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Kwa sababu angenijibu."

Aliandika kwa muda mrefu. "Unaishi naye?" "Ndiyo." "Unataka kuendelea kuishi naye?" Hilo halikuwemo kwenye karatasi za maswali. Nikasema ndiyo, nikashangaa lilivyotoka haraka.

Kisha nikatolewa nje na Malkhaz akaingia. Dakika arobaini. Alipotoka alikuwa mweupe kama kazini. Ofisa alisema uamuzi utakuja kwa posta.

Ndani ya gari hakuwasha injini.

"Ni Tekle," alisema. "Binti yangu. Nilimwonyesha yule mama simu yangu, picha, kila kitu. Ningekuonyesha na wewe. Ungeuliza tu."

"Ulisema haongei nawe."

"Alianza Novemba. Kwa sharti. Alisema, baba, nitaongea nawe, lakini si ndani ya nyumba ya huyo mwanamke, na usimwambie. Nikasema sawa. Ningesema nini? Miaka minne, Doreen."

"Ana miaka kumi na saba! Yule alikuwa..."

"Anapaka rangi ya mdomo ili nimwone mkubwa. Inaniudhi hata mimi." Hakucheka. "Nilikosea. Nilipaswa kukuambia. Lakini wewe ulijua uongo wangu tangu Februari, ukanipikia, ukanifanyia mazoezi ya maswali, ukanipeleka mpaka mlangoni kwa yule mama."

"Malkhaz..."

"Yule mama kanisomea barua. Maneno ni yako. Mkono ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa Janine, bila shaka.

"Na alilijuaje jina langu lote, herufi kwa herufi? Nimesoma bahasha mezani. Hakuna Mmarekani anayelipatia."

Nilikumbuka ile karatasi ya kufutia mikono. Nikamwambia. Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama mimi tangu Januari, na ndipo nikajua inavyouma.

Amechukua nguo chache. Yuko chumba cha juu cha duka, kwa Bi Wanda.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefanya kazi. Sikupitiliza kituo.

Jumamosi, 12 Aprili

Janine alikuwa anachonga mwanakondoo wa siagi kwa ajili ya Pasaka, kama mama alivyokuwa akifanya. Sikukaa.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi." Hakuacha kuchonga. "Na ningeandika tena."

"Ni binti yake, Janine! Ana miaka kumi na saba!"

Hapo kisu kikasimama. Uso ulimlegea, nikafikiri ataomba msamaha. Lakini alichosema ni hiki:

"Habari ya Gary nilijua mwaka wa kwanza."

Sikuelewa.

"Niliwaona Erie, mkahawani. Mwaka wa kwanza, Doreen. Nikajiambia yasiyonihusu niyaache. Ukampigia pasi mashati miaka mitano mingine na mimi nakuja hapo kunywa kahawa. Unafikiri nilikuwa nalala?" Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye siagi. "Safari hii nikasema sinyamazi."

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi. Yalinipotea. Nikamwambia aandike barua nyingine, aweke jina lake na anwani yake, aseme alichokijua na alichokibuni. Akasema ataiandika. Nikamwambia sitakuja Pasaka. Akasema anajua.

Bi Halloran ataipokea barua hiyo Jumatatu. Sijalala vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa tano na robo nikasikia ufunguo. Malkhaz, fulana ya kazi, unga hadi kwenye nyusi. Akaweka simu juu ya meza ya jikoni, akaiegemeza kwenye chupa ya siki.

"Anataka kukuona," alisema. "Nimemwambia yote. Sikukupamba."

Tekle alikuwa na rangi ya mdomo na paka mapajani. Kiingereza chake ni cha shuleni, kimenyooka kuliko cha baba yake.

"Baba anasema ulimfuata kwa gari."

"Ndiyo."

"Mama yangu naye alimfuata mara moja. Baba alikuwa amekwenda kuvua samaki." Akanikazia macho. "Bado sikupendi."

"Sawa," nikasema. "Mimi pia nilikuchukia tangu Februari."

Akafikiri. Akamwambia baba yake kitu kwa lugha yao, na Malkhaz akacheka, si kile kicheko cha tumbo, lakini jamaa yake wa karibu. Nilitaka kuuliza kasema nini. Nikauliza.

"Anasema angalau wewe unasema," akajibu.

Jioni hakurudi kwa Bi Wanda. Hatukuzungumza sana. Alilala ameupa ukuta uso, nami nikalielekea dirisha.

Ijumaa, 2 Mei

Bahasha imefika nikiwa peke yangu. Nimeifungua, jina langu limo pia. Wamekubali. Kadi ni ya miaka miwili. Baada ya hapo tutaulizwa tena.

Nilikaa nayo ngazini. Miti ya mtaani imetoa machipukizi. Niliwaza kwamba kuanzia leo anaweza kuondoka. Hakuna tena kinachomshika hapa ila sisi wenyewe.

Aliporudi nikampa. Aliisoma mara moja tu, amesimama, kisha akakaa karibu nami.

"Niulize," alisema. "Lile ambalo yule mama hakuuliza."

Nikamuuliza: "Ungenioa kama ungekuwa na kadi tayari?"

Gari la posta lilizunguka mtaa mzima likarudi, na bado alikuwa anaangalia mikono yake.

"Sijui," alisema mwishowe. "Mwanzoni niliifikiria kadi pia. Nilikupenda, na niliifikiria kadi. Vilikuja pamoja, sikuweza kuvitenganisha. Baadaye, siku ya kupaka rangi baraza, niligundua siku nzima sijaikumbuka. Kabla ya hapo, nikikuambia sikuifikiria, nitakuwa nakudanganya."

Si jibu ambalo mwanamke yeyote angependa kuandikiwa kwenye kadi ya harusi. Linauma hata sasa ninapoliandika. Lakini ndilo jibu la kwanza kwake, tangu Januari, ambalo sikulipekua mifuko. Nikamwambia na mimi sijui kama ningemwoa, kama nyumba isingekuwa kimya vile baada ya Gary.

"Basi tuko sawa," alisema.

"Tuko sawa," nikasema, na nikamwomba asogee kidogo, maana ngazi ni nyembamba na nilikuwa nimekalia ukingo.